Mashine ya mtumba ya kusagia mawe ya vito: grinda ya gereji, shafti ya mawe, magurudumu ya almasi au sahani?

Mashine ya kusagia vito ikifika mtumbani, mara nyingi huwa imeshapoteza jina. Kibandiko kimechanika, rangi imepigwa upya kwa brashi, kitabu chake kimebaki kwa mwenyewe wa kwanza huko Uingereza au Marekani, na muuzaji kaipanga kati ya jenereta na cherehani akiiita "grinda". Ya kwangu ya kwanza niliikuta hivyo kwenye soko la vyuma, Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Hii inakata mawe?"

"Marahaba. Inakata kila kitu, kijana wangu."

Nikalipa. Wiki ya tatu mota ikanywa maji na kutoa moshi. Fundi wa kusuka mota akaifungua, akanionyesha kutu ndani, akaniambia kwa upole kwamba nilichonunua ni mashine ya kunolea patasi na visu, na haikutengenezwa ikutane na maji. Yule mzee sina neno naye. Yeye alijua vyuma. Kujua vito kulikuwa juu yangu.

Tangu hapo nimesaidia jamaa kadhaa kukagua mashine kabla hawajatoa pesa, na nimeona kwamba tunachanganya vitu vinne vinavyofanana kwa macho lakini vyenye kazi tofauti kabisa. Nitaviweka ubavu kwa ubavu hapa, kwa ajili ya mtu anayetaka kukata mawe nyumbani kwa mapenzi yake, mwenye kona ya baraza na pesa ya kubana. Kazi ninayoizungumzia hasa ni kabashoni, yaani jiwe lenye mgongo wa mviringo na tumbo bapa, kama lile la pete za wazee wa pwani.

Kama kipimo nitatumia jiwe moja: lile la Longido, la kijani lenye madoa mekundu. Kijani ni zoisaiti, ugumu wake uko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, ambayo ni almasi. Nyekundu ni rubi, ugumu 9. Wafanyabiashara wanaliita anyoliti, kutoka neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Nalipenda kama mtihani kwa sababu limebeba laini na gumu ndani ya kipande kimoja, na mashine isiyofaa huumbuka hapo hapo.

Grinda ya gereji na shafti ya mawe

Hizi mbili ndizo zinazochanganywa zaidi. Zote zina shafti moja na jiwe la duara kila upande. Ukitaka kuzitofautisha, angalia kwanza mota imekaa wapi.

Kwenye grinda ya gereji mota iko katikati, na shafti yake yenyewe ndiyo iliyobeba mawe. Kava zinayabana mawe kwa karibu, mbele kuna kibao kidogo cha chuma cha kuegemezea kazi, na mara nyingine kioo cha kukinga macho. Mawe yake ni ya kijivu, ya kahawia au meupe, yametengenezwa kwa oksidi ya alumini, na hiyo ni kwa ajili ya chuma. Ukisagia kwazi au akiki kwenye jiwe la namna hiyo, linateleza, linachemsha, na kito kinapasuka kwa joto.

Kwenye shafti ya mawe ya vito, mota haimo. Imefungwa chini au nyuma, na mkanda unapeleka mzunguko kwenye shafti ndefu inayokaa juu ya beringi mbili. Chini ya kila jiwe kuna beseni lenye tundu la kutolea maji, juu kuna kava ndefu ya kuzuia mrusho, na mahali fulani utakuta kibomba chembamba au tundu lake tu, kwa sababu mabomba hupotea njiani. Mawe yake ni ya kijani au meusi, ya silikoni kabaidi, kwa kawaida ya kipenyo cha inchi 8 na unene wa inchi moja na nusu, moja namba 100 na lingine namba 220 (namba ya ukali: ikiwa ndogo, jiwe linakwaruza zaidi). Majina kama Covington, Highland Park na Lortone, yote ya Marekani, mara nyingine yamo kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo pangusa rangi na upapase kwa kidole kabla ya kukata tamaa kwamba mashine haina jina.

Wapo wanaosema ubaya wa grinda ya gereji ni kasi. Nimelipigia hesabu hilo. Jiwe la inchi 6 linalozunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 23 kwa sekunde. Jiwe la inchi 8 kwenye shafti inayozunguka mara 1,725 linakwenda karibu mita 18. Tofauti ipo, ila haitoshi peke yake kuikataa mashine. Kinachoikatalia ni kwamba maji na umeme vimewekwa nyumba moja. Ukitia maji unaua mota, au mota inakuua wewe. Usipotia maji unavuta vumbi.

Na kwenye vumbi naomba tuelewane vizuri. Mawe mengi ambayo mtu huanzia, kwazi, ametisti, akiki, krisopresi ile ya kijani ya Haneti kule Dodoma, yote ni silika. Vumbi lake laini likiingia mapafuni linaacha makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Wachimbaji wa Mirerani wanaujua kwa majina ya jamaa zao. Kwa sababu hiyo mashine isiyo na mahali pa maji siiweki kwenye mashindano haya hata kama inauzwa kwa bei ya mchele. Mpelekee seremala, ataifurahia.

Turudi kwenye shafti. Uzuri wake ni kwamba haina siri: chuma, beringi, mkanda. Karibu kila kinachoharibika kinapatikana kwenye duka la spea mjini. Ubaya wake uko kwenye mawe yaliyokuja nayo. Jiwe la silikoni kabaidi lina vitundu na linanyonya maji. Aliyekuwa nayo akizima mashine akaacha maji kwenye beseni, upande wa chini unalowa na kuwa mzito, na siku inayowashwa tena linatikisika vibaya, linaweza hata kupasuka na kuruka vipande. Likikauka halafu likalowa miaka mingi, huwezi kujua ndani limekuwaje.

Kulipima, fanya kama mama anayechagua chungu sokoni. Litoe kwenye shafti, litundike kwa kidole kupitia tundu la katikati, likiwa kavu, kisha ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti bubu. Lakini kulia si cheti: hakukuambii kama liliwahi kulowa, wala kama limefika umri wa kustaafu. Angalia karatasi ya duara iliyobandikwa ubavuni. Pale pameandikwa namba ya ukali na kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Karatasi imetoka na maandishi hayasomeki? Mimi jiwe hilo nalihesabu kuwa ni sifuri kwenye bei, nanunua shafti peke yake. Na kwa vyovyote usisimame mbele ya jiwe la mtumba linapowashwa mara ya kwanza. Simama kando, liache lizunguke dakika kadhaa.

Halafu legeza mkanda na uzungushe shafti kwa mkono. Isikilize. Beringi nzima huenda kimya. Iliyokwisha hukwaruza kama mchanga kwenye meno. Shika ncha ya shafti, ivute juu na chini: ikicheza, bado si msiba, beringi hubadilishwa. Msiba ni shafti iliyopinda. Funga kalamu kwenye kitu kisichosogea, ncha yake ikaribie shafti bila kugusa, zungusha polepole na utazame mwanga uliopo katikati. Ukipungua na kuongezeka, shafti imepinda, na kuinyoosha ni kazi ya mtu mwenye mashine ya kukerezea, na si kila mara anaweza.

Kuna jambo dogo linalowashangaza wengi. Nati ya upande wa kushoto hufungwa kinyume, ili mzunguko uzidi kuikaza badala ya kuilegeza. Usiilazimishe ukaikata. Na jambo hilo lina mwenzake: mawe yanapaswa kuzunguka ukingo wa juu ukija kwako. Fundi akifunga mota mpya ikazunguka kinyume, nati zote mbili zitajifungua zenyewe kazini.

Sasa jiwe letu la Longido kwenye silikoni kabaidi. Kijani kinaliwa haraka, rubi inakataa, kwa sababu silikoni kabaidi yenyewe inaizidi rubi kidogo tu. Ukimaliza, madoa mekundu yamesimama kama visiwa na kijani kimekuwa mabonde, na msasa wa baadaye unazidisha. Kwa akiki, ametisti na krisopresi, shafti hii ni nzuri na nafuu mno kuitumia. Kwa anyoliti itakutesa.

Magurudumu ya almasi

Ukiona shafti moja yenye magurudumu sita, matatu kila upande, mota katikati au chini na beseni refu la plastiki, hiyo ndiyo mashine ambayo wakataji wa kabashoni wengi huitamani. Inayojulikana zaidi ni Genie ya kampuni ya Diamond Pacific, yenye magurudumu ya inchi 6. Kaka yake mkubwa, Titan, ana ya inchi 8. Zipo nyingi za kuiga kutoka China, na si zote mbaya. Kwenye Genie mpangilio wa kawaida ni magurudumu mawili magumu ya chuma, namba 80 na 220, kisha manne laini yanayobonyea: 280, 600, 1,200 na 14,000. Jiwe linahama kutoka kushoto kwenda kulia, na kufika mwisho lipo karibu kung'aa.

Hapa mota kukaa katikati si dosari, tofauti na grinda ya gereji, mradi imefungiwa mbali na maji. Kwa hiyo usitumie kanuni yangu ya mota kibubusa. Tafuta ukuta kati ya mota na beseni, na uangalie kama kuna chumvi nyeupe au kutu upande wa mota. Vikiwepo, maji yalishavuka.

Jiwe la Longido hapa linatulia. Almasi haijali tofauti ya 7 na 9 kama silikoni kabaidi inavyojali. Inachukua vyote karibu sawa, na gurudumu laini linafuata mgongo wa jiwe bila kuacha makunyanzi. Mara ya kwanza nilipopitisha kipande kile kile kilichonishinda, nilikaa nikikigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibiwa.

Lakini thamani ya mashine hii imo kwenye magurudumu, na magurudumu yanaisha. Muuzaji anakuonyesha mota inayozunguka kimya. Wewe mwombe azime, ulete tochi. Gurudumu gumu la kawaida lina tabaka jembamba la almasi lililoshikwa na nikeli juu ya chuma. Pitisha ukucha: linapaswa kukwaruza kama ulimi wa paka, upana wote. Likiwa na mstari unaong'aa katikati na ukali pembeni tu, limekwisha, na halinoleki. Lipo pia aina lingine, ambalo almasi imechanganywa ndani ya tabaka nene la metali. Ubavuni utaona unene wa milimita moja au zaidi wa rangi tofauti. Hilo likififia huamshwa kwa kijiti cha kunolea na likaendelea kufanya kazi miaka. Ukilikuta hilo kwenye mashine ya mtumba na muuzaji hajui, umepata bahati. Yale laini, bonyeza kwa dole gumba: yarudi kama sifongo nzito, uso usiwe umechanika wala kuwa na mapengo. Mapengo hukamata jiwe na kulirusha.

Na yanuse. Kweli kabisa. Mashine iliyofungiwa na maji machafu hunuka uvundo, na uvundo huo unakuambia kwamba beringi zililala kwenye unyevu.

Kama magurudumu manne kati ya sita yamekwisha, usiyahesabu kama hitilafu ndogo ya kupunguziwa kidogo. Tafuta bei ya seti mpya, ongeza usafiri na ushuru, halafu rudi kwenye bei aliyotaja. Nimeona mara mbili mashine "rahisi" ikageuka kuwa ghali kuliko mpya ya kuiga.

Sahani

Hii ndiyo ninayoiona inadharauliwa bure. Ni sahani bapa inayozunguka kwa kulala, kama ya gramafoni, juu yake unaweka diski ya almasi, na maji yanadondoka kutoka kwenye kikopo chenye kibomba. Diski zake nyingi ni za inchi 6 au 8, na tundu la katikati ni nusu inchi. Hakikisha tundu hilo: nusu inchi ni milimita 12.7, na mashine iliyotengenezewa ncha ya kipimo kingine itakufunga kwa muuzaji mmoja wa diski maisha yote.

Kwa kabashoni, sahani ina ugumu wake. Unasaga mgongo wa mviringo kwenye kitu bapa, kwa hiyo mkono usipozungusha jiwe bila kukoma unaacha vibapabapa vinavyoonekana mwishoni. Lakini ina neema mbili. Kwanza, katikati ya diski ni polepole na ukingoni ni kasi, kwa hiyo unachagua kasi kwa kusogeza mkono tu. Malakiti ya Katanga, yenye ugumu wa 3.5 hadi 4, ikigusa jiwe namba 100 la silikoni kabaidi inayeyuka kama sukari. Kwenye sahani, karibu na kitovu, diski nzuri na maji mengi, unaiongoza vizuri. (Vumbi la malakiti lina shaba na ni sumu, hivyo maji na barakoa havijadiliwi.) Pili, diski ni nyembamba. Binamu yako aliyeko Muscat au Minneapolis anaweza kukuletea tano kwenye sanduku la nguo bila kulipia uzito. Gurudumu la inchi 8 haliji hivyo.

Anyoliti kwenye sahani? Inakubali, kwa sababu ni almasi. Inataka subira zaidi na mkono mwepesi, na kumalizia kwenye kitu laini, ngozi au kitambaa kilichobandikwa kwenye diski ya zamani.

Kuikagua ni rahisi kuliko nyingine zote. Weka diski, weka tone la maji ukingoni, zungusha kwa mkono ukitazama kwa usawa wa jicho. Sahani ikipanda na kushuka kwa kiasi cha kuonekana, iache. Kisha chungulia chini. Mashine hizi maji yanashuka kwa uzito wake kuelekea beringi ya juu, na hiyo ndiyo hufa kwanza.

Kibati cha mota kina maneno mengi

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiwe na haraka, maana mtu anaweza kuchagua aina sahihi ya mashine na bado akaunguza mota siku ya kwanza. Tafuta kile kibati kidogo cha chuma kilichopigwa misumari kwenye mota. Kikiwa kimepakwa rangi, kikwangue. Soma vitu vitatu: volti, Hz (hetzi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde) na mizunguko kwa dakika.

Mizunguko peke yake inakupa uraia wa mota. Ikiwa 1,725 au 1,750, au 3,450, ilizaliwa kwenye umeme wa 60 Hz, kwa kawaida Marekani au Kanada. Ikiwa 1,425, 1,440 au 2,850, ni ya 50 Hz, kama umeme wetu Tanzania na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mzigo wa Uingereza, Oman na Imarati hautakusumbua. Wa Saudi Arabia ni 60 Hz, tahadhari, maana watu hudhani Ghuba yote ni sawa. Wa Japani ni volti 100, na Hz zake hutegemea upande wa nchi: mashariki, Tokyo ikiwemo, 50, magharibi, kama Osaka, 60.

Watu wengi husema, "Volti 115? Nunua transifoma." Transifoma inabadilisha volti, Hz haiigusi. Mota ya kawaida ya 60 Hz ikipewa 50 inazunguka polepole, ile ya 1,725 inashuka hadi karibu 1,440, na hilo ungelivumilia. Usilolivumilia ni joto: kwa Hz chache chuma cha ndani kinashiba sumaku kupita kiasi, mota inavuta umeme mwingi na kujichoma. Ili ipumue, ile ya volti 115 ingetaka kushushwa hadi karibu 96. Hata iliyoandikwa 115/230, ukigeuza nyaya zake kwenda 230, umetibu volti tu. Kibati kikisema 50/60 Hz, basi mshukuru Mungu, nunua.

Mota zenye kidude cha kuongeza na kupunguza kasi ni habari nyingine. Sahani nyingi na mashine nyingi za fasiti (za kukata nyuso bapa, nitazifikia mbele) zina mota ya mkondo mnyoofu, yaani DC, na bodi ya elektroniki. Hizo hazijali Hz. Kwao transifoma inatosha. Ila bodi ikiungua, spea yake huipati Arusha.

Kwenye shafti ya mkanda jibu langu ni fupi: itupe mota ya kigeni bila majuto, funga ya hapa ya nusu hp yenye 1,440. Kasi unairudisha kwa puli. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 2.5 kwenye shafti inakupa 1,440 mara 3 gawa kwa 2.5, yaani 1,728. Usipande zaidi ya kasi iliyoandikwa kwenye gurudumu. Na waya wa ardhi uwe mzima, na soketi ilindwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Mikono yako italowa saa zote.

Fasiti, na pipa la kubingirisha

Wengi hukutana na mashine ya fasiti wakitafuta ya kabashoni: sahani kama ile, lakini pembeni ina nguzo iliyosimama, mkono wenye kipimo cha digrii, na gia ndogo yenye meno, mara nyingi 96. Ultra Tec, Facetron na Graves ni za Marekani. Imahashi ni ya Japani. Hii ni ya kukata nyuso bapa kwenye vito angavu, savoraiti, spineli ya Mahenge, tanzanaiti. Mtumba wake siushauri kwa anayeanza. Mchezo mdogo kwenye mkono, ambao macho hayauoni, unazifanya nyuso zisikutane, na utaishi ukidhani kosa ni lako. Mpate mkataji wa Arusha akae nayo nusu saa, umlipe muda wake, ndipo ununue. Kagua pia vijiti vya kubandikia jiwe na kifaa cha kuligeuzia upande wa pili kama vimo. Bila hivyo mashine ni nusu.

Pipa la mpira linalobingirisha mawe, la Lortone au Thumler's, si mashine ya kusagia kwa mkono kabisa. Linachukua wiki nne au zaidi, linatoa mawe ya kokoto. Kagua mpira usiwe na ufa, basi.

Ningechukua ipi

Nikiwa na pesa ya mashine moja tu, na mawe yangu ni akiki, ametisti na krisopresi, ningechukua shafti ya mkanda yenye shafti iliyonyooka, hata ikiwa haina jiwe, haina mota na imejaa kutu ya juu juu. Ningeifunga mota ya hapa, kisha kidogo kidogo ningeivika magurudumu ya almasi, nikianza na namba 220. Gurudumu la inchi 6 linakaa vizuri ndani ya kava ya inchi 8. Ila kabla ya kuagiza, pima unene wa shafti kwa kalipa. Hizi za kizamani ni za inchi: nusu, tano kwa nane, robo tatu. Tano kwa nane ni milimita 15.9, na gurudumu la tundu la milimita 16 litaonekana linaingia vizuri, lakini huo uwazi mdogo unatosha kulitoa katikati na kulifanya lipige jiwe. Tanzanaiti, ambayo hupasuka kirahisi kwa kufuata tabaka lake, haistahimili kupigwa huko. Wala usianze nayo: ghafi yake ina taratibu za leseni, na haifai kuharibiwa na mkono unaojifunza.

Nikiwa naishi nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja, jirani ukutani, ningechukua sahani. Ni kimya, inakaa juu ya meza, maji yake yanatosha ndoo moja.

Mashine ya magurudumu sita ningeichukua pale tu ambapo manne kati yake bado yana ukali chini ya ukucha wangu na kibati kinasema 50 Hz au 50/60. Sharti moja kati ya hayo mawili likikosekana, naondoka.

Mashine ikiwa mji mwingine, kabla hujatuma nauli mwombe muuzaji picha nne: kibati cha mota kikiwa kimepanguswa, ncha ya shafti pamoja na rula, uso wa kila gurudumu kwa karibu, na sehemu ya chini ya beseni. Mwombe pia sauti ya kurekodi mkanda ukiwa umetolewa na shafti ikizungushwa kwa mkono. Anayetuma vyote vitano bila kulalamika, mara nyingi mashine yake iko vile alivyosema.